Ghala la Mkiwa Linalojipigia Simu

(Hotuba ya Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Clement Urbano, siku ya kuzindua vihisi visivyotumia waya katika ghala la alizeti la chama chetu cha ushirika, hapa Mkiwa. Imenukuliwa na mimi Felista, katibu wa chama. Mwenyekiti aliniagiza nisiache hata kikohozi. Sikuacha.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru wa ghafla akanikaimisha mimi nafasi hiyo, kwa hiyo naomba nijitambue. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi mliopo, na ninyi mnaowakilishwa na makoti yaliyo juu ya viti vyenu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Viongozi wetu wa dini, mchungaji na shehe, mliouombea mradi mmoja dua mbili. Mtaalamu wetu wa TEHAMA, Bwana Frank, uliyekaa nyuma ya televisheni. Wazee wangu wa Mkiwa, wa Mgori na wa kila kona ilikotoka alizeti hii, shikamooni.

(Wazee: Marahaba.)

Wapo viongozi wavivu ambao wakifika hapa husema "itifaki imezingatiwa" wakaruka moja kwa moja kwenye mada. Mimi, katika miaka kumi na moja ya uongozi wangu uliotukuka, maneno hayo sijawahi kuyatamka wala sitayatamka, kwa sababu heshima ya mtu haizingatiwi kwa mkato. Kwa hiyo naendelea.

(Anaendelea kwa dakika kumi na nne. Majina yote nimeyaweka kwenye kiambatisho. Upepo umebeba kofia mbili.)

Ghala letu!

(Wanachama: Linajisemea! Kiitikio hiki tumefundishwa asubuhi.)

Sijasikia. Ghala letu!

(Wanachama: Linajisemea!)

Ahsanteni. Ndugu wanaushirika, dunia imehama, nayo haikuaga. Zamani mkulima alijua hali ya alizeti yake kwa kuitafuna. Leo, kufuatia maelekezo yangu, maono yangu na ufuatiliaji wangu wa karibu, tunazindua mfumo jumuishi, shirikishi na endelevu wa vihisi sitini na vinne visivyotumia waya, vilivyofungwa katika kuta za ghala hili mnaloliona nyuma yangu, ambavyo kazi yake ni kupima joto na unyevu wa gunia elfu mbili na mia nne za alizeti yenu kwa real time, yaani papo kwa papo, kisha kuirusha data hiyo hewani mpaka kwenye klaudi, yaani kompyuta kubwa za mbali ambazo hata mimi sijaonyeshwa, nayo data ikifika kule inachakatwa, inatafakariwa, halafu inarudi hapa kwenye dashibodi, yaani televisheni hii ya inchi hamsini na tano, na joto likizidi tu, feni kubwa za ghala zinajiwasha zenyewe bila kuguswa na mkono wa mwanadamu. Hiyo ndiyo inaitwa automation. Semeni automation.

(Wanachama wanasema kila mtu kwa namna yake.)

Tazameni dashibodi. Inasema nini? Joto, nyuzi ishirini na nne. Rangi, kijani. Hali, salama. Mpigieni makofi Frank.

(Makofi. Frank hakusimama. Anajifuta jasho, na hapa kuna baridi ya Juni.)

(Simu ndogo ya kitochi iliyo mfukoni mwa Mheshimiwa inaita mara moja, inakata. Inaita, inakata. Inaita, inakata.)

Samahanini. Hii ni simu ya mradi, nimemnyang'anya Frank asubuhi ili nionekane nayo kwenye picha. Kuna mtu anabipu. Ndugu unayebipu, kama shida yako ni vocha, kuwa na subira hotuba iishe. Watanzania tutaacha lini hii tabia?

(Kicheko. Frank amenyoosha mkono.)

Frank, maswali mwishoni. Kuna utaratibu.

Nilikuwa nasema nini? Takwimu. Katika majaribio ya miezi mitatu mfumo huu umepatikana hewani kwa asilimia tisini na saba nukta nane. Nchi nyingine huko hawajafika. Zile asilimia mbili nukta mbili zilizobaki zilitokana na hitilafu ya kiufundi ya siku mbili, ambayo niliiundia kamati, kamati ikakaa, ikala, ikaja na mapendekezo kwamba hitilafu isijirudie, nayo haikujirudia. Nauliza: huo si uongozi?

(Makofi. Yameombwa na mshereheshaji.)

(Upepo umedondosha kisanduku kimoja cheupe cha kihisi kutoka ukutani. Kimefunguka. Ndani ametoka mjusi.)

Msishtuke. Ndugu wanahabari, ile kamera geuzeni huku. Ni hivi: kihisi chenyewe ni kidogo mno, teknolojia ya sasa haionekani kwa macho ya kawaida. Yule mjusi ni mdau tu, amejisogeza kwenye maendeleo.

(Mzee Peniel wa Mgori, mwenye gunia arobaini ndani ya ghala, amesimama bila kupewa nafasi: "Mwenyekiti, mjusi tumemwona. Mimi nauliza harufu. Mbona hapa panatoka harufu kama ya kikaango kilichosahaulika jikoni?")

Mzee wangu Peniel, shikamoo tena.

("Marahaba. Harufu.")

Mzee wangu, mashine zote mpya zina harufu. Ulipata kununua redio mpya? Haikunukia? Basi, hiyo ni harufu ya upya. Tazama dashibodi: ishirini na nne, kijani. Wewe utaamini pua yako iliyozaliwa kabla ya lami, au utaamini klaudi?

("Mimi pua hii ndiyo imenilea," amesema Mzee Peniel. Ameketi, lakini pua haijaketi; anageuza shingo kila upepo unapopita.)

Na hapa ndugu zangu niwe mkweli, maana mimi ni muumini wa uwazi. Mradi huu umepigwa vita. Mnamfahamu mama yetu Martina Mughwai, mtunza ghala, miaka kumi na tisa anashika funguo. Mama huyu ni mchapakazi, sikatai. Lakini hataki kubadilika. Ana kinondo chake kirefu, ufito wa chuma. Anakichoma katikati ya lundo la alizeti, anakiacha kidogo, anakichomoa, anakishika kiganjani, anafumba macho, halafu anakwambia, "Mali imepoa," au anakwambia, "Mali ina homa." Karne hii! Ghala la kisasa linapimwa homa kama mtoto!

(Kicheko kidogo. Akina mama wa mbele hawakucheka.)

Mwezi uliopita alinifuata ofisini. Akanisalimia vizuri, akaniambia, "Mwenyekiti, alizeti ya mvua za mwisho bado mbichi. Nimeitafuna, inakunjika menoni, haivunjiki. Ianikwe wiki mbili ndiyo iingie ghalani, la sivyo itajipika yenyewe humo humo." Nikamuuliza, mama yangu, na tarehe ya uzinduzi nayo tuianike? Vihisi sitini na vinne vikapime hewa? Nikaagiza ghala lijazwe mpaka juu, gunia kwa gunia, milango ifungwe, madirisha yafungwe ili mgeni asione vumbi. Ndani ya siku nne likajaa. Hiyo ndiyo inaitwa delivery, yaani utekelezaji.

(Hakuna makofi. Mshereheshaji ameomba. Yamekuja machache.)

(Simu: inaita, inakata. Inaita, inakata. Inaita, inakata.)

Huyu mtu ana ugonjwa gani?

(Frank amesimama, ameketi, amesimama. Anaandika kitu kwenye karatasi.)

Kwa hiyo, kwa kuwa sasa ghala linajipima, linajisemea na linajipepea, Bodi chini ya uenyekiti wangu imeazimia kwamba ifikapo saa sita kamili mchana wa leo mama Martina anapumzishwa kwa heshima zote, pamoja na kile kinondo. Tumemwandalia cheti na kitenge. Tungempa hapa jukwaani, lakini nimeulizia asubuhi nzima sijamwona, na mlinzi ananiambia mara ya mwisho alimwona alfajiri akiingia nyuma ya lundo kufagia. Nadhani amesusa. Watu wa zamani wanasusa. Mlango wenyewe nimeufunga mimi kwa mkono wangu, kufuli hii hapa na utepe mwekundu juu yake, na ufunguo ninao mfukoni, maana niliagiza wazi: leo wafanyakazi wasionekane, ionekane teknolojia.

(Mlango wa bati wa ghala umegongwa kwa ndani. Mara tatu.)

Mnasikia? Mitambo imewaka!

(Makofi marefu, ya kweli. Na mimi nilipiga.)

Mimi nilisema! Kuna watu walikaa vijiweni wakasema Clement anatudanganya, hakuna mtambo. Haya, ule ni nini? Ule si mtambo? Gonga tena!

(Umegongwa tena. Mara tatu. Mzee Peniel hakupiga makofi. Amesimama, anatazama chini ya mlango, ambako pametoka kamvuke kembamba, keupe, kakachukuliwa na upepo.)

Mzee wangu keti, unawaziba wapiga picha. Huo ni mvuke wa kawaida, mfumo unapumua. Ndugu wanaushirika, naelekea mwisho wa utangulizi. Ramani yetu ya miaka kumi inaonyesha kwamba kutoka Mkiwa teknolojia hii itashuka Manyoni, itapanda Kilimatinde, na mahali pote itakapopita jina langu litatangulia, sio kwa kujikweza, hapana, kwa ajili ya kumbukumbu sahihi. Nimedokezwa pia na Kamati kwamba wazee wameniandalia fimbo ya heshima. Sikuomba. Niliuliza tu kama imenunuliwa. Naomba isiletwe kabla sijamaliza, ikija nitaipokea kwa mikono miwili, kama desturi yetu inavyotaka.

(Frank amepanda jukwaani ameinama kama anayepita mbele ya watu kanisani. Amemkabidhi Mheshimiwa karatasi iliyokunjwa, ameshuka mbio.)

Ahsante Frank. Nimeletewa orodha ya shukrani. Hili ni jambo muhimu sana, kiongozi asiyeshukuru ni mwizi wa fadhila. Nitaisoma kama ilivyo, bila kuruka, maana mimi kila karatasi rasmi naisoma kwa sauti. Miwani. Haya. "Mheshimiwa, tafadhali usisome hii kwa sauti."



Utangulizi mzuri, wa unyenyekevu. Naendelea. "Mheshimiwa, nashukuru kwa imani yako uliponiambia nilete namba na wewe hutaki kujua zinatoka wapi. Sasa inabidi ujue. Vihisi havikuwahi kuagizwa. Visanduku vya ukutani ni vitupu. Klaudi hatuna. Feni hazina hata nyaya za umeme. Vihisi vyote sitini na vinne ni mama Martina."

(Mheshimiwa anaendelea kusoma. Nadhani ulimi ulikuwa umetangulia na akili ilikuwa bado njiani.)

"Kila siku anapima na kinondo chake halafu ananibipu, kwa sababu kubipu hakuli salio. Bipu moja, mali imepoa, naandika ishirini na nne. Bipu mbili, mali ina vuguvugu, naandika thelathini. Zile siku mbili mfumo ulipokatika, alikwenda Kilimatinde kumzika kaka yake. Bipu tatu maana yake alizeti imeanza kuungua, fungueni mlango mara moja. Hajawahi kunipigia tatu. Mheshimiwa, tangu asubuhi simu unayo wewe. Nashukuru."



(Simu mfukoni: inaita, inakata.)

(Watu wote: Moja.)

(Inaita, inakata.)

(Watu wote: Mbili.)

Ndugu zangu, kuna tafsiri…

(Inaita, inakata.)

(Mzee Peniel: "Tatu! Martina yumo ndani! Jamani, yule mama yumo ndani!")

Ndugu wanaushirika, naomba utulivu, hatujakata utepe! Mkasi uko kwenye sinia! Kamati ya Utepe, mko wapi? Mzee Peniel, hiyo kufuli ni mali ya chama, usi… weka hilo jiwe chini, mzee wangu! Ufunguo ninao! Ninao hapa… sio huu, huu wa gari… jamani nipeni nafasi nitafute!

(Hawakumpa. Kufuli imevunjika kwa pigo la nne. Utepe umekatika wenyewe. Mlango umefunguka, harufu imetoka ikatupiga usoni, ya mafuta ya moto na ukungu. Mama Martina ametoka nyuma yake, mweupe kwa vumbi, kilemba amekifunga puani, anakohoa. Wa kwanza kumshika ni Mzee Peniel. "Pole mwanangu. Pole sana. Tulikuwa tunakupigia makofi." Martina amesema, "Nimeyasikia. Lundo la katikati, baba. Anzeni na la katikati, lile la pembeni bado linafaa." Watu wameingia kwa makundi. Gunia la kwanza limetoka likitoa mvuke.)

Ndugu zangu mnaobaki, kwa kuwa akidi bado ipo…

(Hatupo. Amebaki mchungaji, ambaye amefumba macho, na makoti ya wajumbe.)

…kwa kuwa akidi ipo, naomba nihitimishe kwa mujibu wa ratiba. Ghala letu!

(Simu imenyamaza. Hakuna aliyejibu.)

Ghala letu! Alizeti kidijitali! Mkiwa ya viwanda! Mkulima kwanza, klaudi… Ghala letu, jamani!

(Mama Martina amepanda jukwaani. Mkononi amevaa mfuko wa gunia kama anayeepua sufuria, na ameshika kinondo.)

Aa, kumbe! Wazee, pamoja na yote haya mmeikumbuka fimbo! Na mmempa mama Martina ndiye ailete, hiyo ni busara kubwa, ni maridhiano. Mama, mimi na wewe hatuna ugomvi. Wanahabari, huku!

(Martina: "Shikamoo Mwenyekiti." Kwa umri yeye ndiye wa kuamkiwa. Mwenyekiti ameitikia, "Marahaba." Martina: "Naomba ukabidhiwe vifaa vya mradi. Ni hiki kimoja.")

Nakipokea kwa niaba ya Bodi, kwa mikono mi…

(Amekipokea kwa mikono miwili.)

Yalaa! Mama yangu nakufa! Uwii! Frank! Maji! Yalaaa!

(Kipaza sauti kimeanguka, kimepiga mluzi mpaka barabara kuu; malori mawili yamesimama kuuliza kuna nini, na madereva wameshuka kusaidia kubeba. Kinondo kimeanguka miguuni mwa Mwenyekiti. Martina amekiokota kwa ule mfuko, amekifuta. "Nilikushikia robo dakika kwanza nje kipoe," amesema. "Ndani kilikuwa hakishikiki. Sasa niambie, Mwenyekiti, hizo ni nyuzi ngapi?")

(Mwenyekiti anapuliza viganja. Ametazama televisheni. Bado inasema ishirini na nne, kijani, salama.)

Frank. Zima hicho kitu.

(Frank amezima. Turubai za chama hazikutosha, kwa hiyo akina mama wameshusha hema la wageni wa heshima na kulitandaza chini, na alizeti inamwagwa juu yake, na mchungaji amevua viatu anaigeuza kwa miguu sambamba na shehe, ambaye alianza mapema. Martina anapita kwenye malundo na kinondo: hili limekufa, hili litapona, hili litapona. Kwa hesabu yake ya harakaharaka, katika kila gunia kumi tutapoteza mbili. Gunia za Mzee Peniel zilikuwa pembeni. Amezihesabu mara mbili, kisha akakaa juu ya mojawapo akalia bila kuficha, halafu akarudi kubeba za wenzake. Mwenyekiti bado yuko jukwaani peke yake, kipaza sauti amekiokota kwa vidole viwili.)

Ndugu wanaushirika… nilikuwa na kurasa nyingine tisa.

(Hakuna aliyegeuka.)

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nakushukuru Frank kwa… hapana, wewe tutaonana. Nakushukuru mama Martina kwa kuwa… kwa kuwa sitini na vinne. Kile kitenge kipo, lakini kupumzika naona… naona tuahirishe.

(Martina, bila kusimama: "Kitenge leta, kupumzika kaa nako. Na kesho simu ya mradi arudishiwe Frank.")

Sawa. Basi, ndugu zangu. Itifaki… itifaki imezingatiwa.

(Ameshuka. Amevua koti, amelitundika kwenye kiti pamoja na yale ya wajumbe. Amesimama mbele ya gunia, viganja vyekundu.)

Hili mnalishika wapi?

(Martina: "Pembe mbili za chini, Mwenyekiti. Piga goti kwanza." Amepiga goti. Naishia hapa kunukuu, zamu yangu ya kubeba imefika.)